Laptopu ya kando ya njia ya mbio: nilivyojifunza kuichagua

Mtu akiniomba ushauri wa laptopu ya kuchambulia data za mbio za magari, simuulizi kwanza habari za prosesa. Humuuliza: gari likiingia piti, yaani eneo la kulihudumia kando ya njia, una dakika ngapi kabla halijatoka tena? Kila laptopu niliyoitumia kazini niliipenda au niliiacha kwa sababu ya jibu la swali hilo.

Kwenye Formula 1 data hupaa kwa redio gari likiwa bado njiani, na nyuma ya kila gari kuna kundi zima la wahandisi waliokaa mbele ya vioo vyao. Timu ndogo ninazofanya nazo kazi haziko hivyo. Kinasa data kimefungwa ndani ya gari, na yote kilichoyanasa hukaa humo mpaka gari lirudi na mtu achomeke waya. Kazi hiyo ya kuchomeka, kushusha, kufungua na kusoma naifanya mimi, nimeinama karibu na mlango wa gari, mafundi wakipita nyuma yangu na matairi.

Dereva naye akitoka garini huwa na maneno tele. Gari linagoma kugeuka katikati ya kona, nyuma linachomoka akikanyaga mafuta mapema, breki zimekuwa laini. Hayo anayasema mwili wake ukiwa bado unakumbuka. Nikimwonyesha kwenye mchoro mstari wa usukani na mstari wa kasi muda huohuo, tunaelewana kwa sentensi mbili. Nikichelewa hadi ameshakunywa maji, ameongea na wa matairi na kupokea simu, ninachopata ni maelezo aliyoyatengeneza kichwani baadaye, na mara nyingi hayalingani na mistari. Ndiyo maana laptopu nzuri kwangu ni ile inayofupisha muda kati ya injini kuzimwa na dereva kuona mzunguko wake. Sifa nyingine zote nazipima kwa kipimo hicho.

Nilipoanza kuangalia kwa makini muda huo unaishia wapi, niliona kwamba hesabu za kompyuta hula sehemu ndogo sana. Watu hudhani data za gari la mbio ni mzigo mzito, lakini tupige hesabu. Chukua gari lenye chaneli 100, yaani vitu 100 vinavyopimwa, kama kasi au presha ya breki, kila moja ikinaswa mara 100 kwa sekunde, na kila kipimo kikichukua baiti 2. Hizo ni baiti 20,000 kwa sekunde, yaani takriban megabaiti 72 kwa saa nzima ya kukimbia. Shokapu zikinaswa kwa kasi zaidi, mara 500 kwa sekunde kwa mfano, hesabu inapanda kidogo tu. Laptopu yoyote ya miaka ya karibuni inafungua faili la namna hiyo bila kutoa jasho. Kinacholemea ni video. Kamera inayorekodi kwa megabiti 20 kwa sekunde inajaza gigabaiti 9 kwa saa, na dereva anayetaka kuona mikono yake kwenye usukani sambamba na mistari ya data atakuletea kadi iliyojaa kila baada ya kipindi.

Kwa hiyo upande wa nguvu ya mashine nautaja haraka. RAM ya gigabaiti 16 inatosha. Diski iwe SSD, kwa sababu ya kasi na kwa sababu diski ya kuzunguka haipendi kubebwa ikiwa inafanya kazi. Terabaiti 1 kama unatunza video. Prosesa iwe na kiini kimoja chenye kasi nzuri, maana programu nyingi za uchambuzi nilizozitumia hutegemea kiini kimoja kuliko wingi wa viini. Kadi kubwa ya michoro ya wacheza gemu haijawahi kunifupishia kazi hii. Inaongeza uzito, inaongeza joto na kumaliza betri kabla ya mchana. Nimewaona vijana wengi wenye bidii wakitumia karibu fedha zao zote kwenye kadi hiyo kisha wakabaki na kioo kisichosomeka nje, na huwa inaniuma, kwa sababu fedha hizohizo zingewapa kifaa kinachofaa kabisa.

Kioo ndicho nitakachokaa nacho kidogo.

Mwangaza wa kioo hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za ofisini zina niti 250 hadi 300, na ndani ya chumba huoni kasoro yoyote. Zitoe nje saa sita mchana, hata chini ya turubai, utaona uso wako na mawingu kabla hujaona mstari wa kasi. Kwa kazi ya piti sichukui chini ya niti 400, na niti 500 ndipo ninapoanza kufanya kazi bila kukunja uso. Laptopu ngumu zilizotengenezwa kwa kazi za nje hufika niti 1,000 na zaidi, na hizo unaweza kuzisoma hata juani penyewe. Lakini namba ya niti peke yake haitoshi. Kioo kinachong'aa hurudisha mwanga wa anga moja kwa moja machoni, wakati kioo kisichong'aa huutawanya, na nimewahi kufanya kazi vizuri zaidi kwenye niti 400 zisizong'aa kuliko kwenye niti 500 zinazong'aa.

Kuna mambo madogo kwenye kioo ambayo hayamo katika karatasi ya sifa. Laptopu nyingi hupunguza mwangaza zenyewe zikichomolewa kwenye umeme ili kulinda betri, na nyingine hupunguza zikipata joto. Zote mbili hutokea palepale unapokwenda kwenye gari. Mpangilio wa kwanza unazimwa kwenye Windows au kwenye programu ya kadi ya michoro, na ninauzima siku ileile ninayoinunua mashine. Miwani ya jua ya aina inayochuja mwanga kwa mwelekeo mmoja inaweza kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa ukikitazama kwa pembe fulani, kwa hiyo jaribu kioo ukiwa umevaa miwani yako, na ukiinamishe kichwa huku na huku. Na usuli wa michoro: wengi wetu tunapenda usuli mweusi kwa sababu unapendeza usiku. Juani usuli mweusi ni kioo cha kujitazamia. Mimi nina mipangilio miwili ya kurasa zangu, ya usuli mweusi kwa ndani na ya usuli mweupe wenye mistari minene kwa nje, na mabadiliko hayo pekee yalinisaidia kuliko niti 100 za nyongeza.

Ukubwa na wingi wa nukta za kioo nao una hesabu yake. Mzunguko wa sekunde 90 ulionaswa mara 100 kwa sekunde una vipimo 9,000. Kioo chenye nukta 1,920 kwa upana kinaubana mzunguko huo hadi karibu vipimo vitano kwa kila nukta, nawe bado unaona umbo la kila kona. Nenda kwenye njia ndefu kama Nordschleife ya Nürburgring, yenye kilomita 20.8, ambako mzunguko wa gari la mbio unaweza kuchukua dakika nane: vipimo 48,000, yaani 25 kwa kila nukta. Hapo utakuwa unavuta karibu na kurudisha nyuma muda wote, na kioo cha inchi 16 kinakupa nafasi ambayo cha inchi 13 hakina. Kwa upande mwingine, kioo cha nukta nyingi mno kina tatizo lake. Programu za zamani hazijui kujikuza, na ukizifungua kwenye kioo cha nukta 3,840 maandishi na vitufe vinakuwa vidogo kiasi kwamba dereva aliyesimama nyuma yako hasomi chochote. Nimetulia kwenye inchi 14 hadi 16, nukta 1,920 kwa 1,200. Zile 120 za wima zinazozidi kioo cha kawaida cha 1,080 zinanipa mstari mmoja zaidi wa mchoro, kwa mfano presha ya breki chini ya kasi, na huo siuachi.

Sasa kuunganisha, ambako dakika nyingi hupotea kuliko mahali pengine popote.

Karibu programu zote zinazotumika kwenye kazi hii hukaa kwenye Windows: MoTeC i2, Race Studio 3 ya AiM, WinDarab ya Bosch, Pi Toolbox ya Cosworth. Ukiwa mpenzi wa Mac, nakuheshimu, lakini tangu Apple ianze kuhamia kwenye prosesa zake yenyewe mwaka 2020, mashine hizo mpya haziwezi tena kuwashwa moja kwa moja kwa Windows kupitia Boot Camp. Unabaki na Windows ya ARM, yaani toleo la aina hiyo ya prosesa, ndani ya Mac, na hali ni hiyohiyo kwa laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon. Programu yenyewe huenda ikafunguka, kwa sababu Windows ya ARM inaweza kuiga prosesa za kawaida. Draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuzungumza na kifaa, haiigwi. Draiva ya adapta ya CAN (mtandao wa mawasiliano wa ndani ya gari) au ya kinasa data lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya ARM, na isipokuwepo, programu inafunguka vizuri kabisa huku ikikwambia hakuna kifaa kilichounganishwa. Nimemshuhudia mwenzangu wa timu jirani akiwa na laptopu nyembamba, nzuri, betri ya siku nzima, na gari lake limekaa na data zote ndani bila njia ya kuzitoa. Tulizishusha kwa laptopu yangu. Kabla ya kununua, tafuta draiva ya kila kifaa ulichonacho na uhakikishe inasema inafanya kazi kwenye prosesa unayoitaka. Usikubali neno la muuzaji.

Matundu pia. Vinasa data vingi vya kisasa hushushwa kwa waya wa mtandao, na laptopu nyembamba zimeacha tundu la RJ45. Adapta ya USB inafanya kazi, nami ninayo kwenye begi, ila ni kitu kimoja zaidi cha kuanguka, kukanyagwa, au kuchomoka waya ukivutwa. Tundu lililojengwa ndani ya laptopu lina kufuli la plastiki upande wa waya na halihitaji draiva ya pembeni. Nikipata laptopu yenye RJ45, HDMI na angalau matundu mawili ya USB ya zamani yale ya mstatili, naipendelea hata ikiwa nzito kidogo. Kama unashughulika na magari yenye kompyuta za injini za zamani, utahitaji pia adapta ya kugeuza USB kuwa serio, ile njia ya zamani ya mawasiliano ya waya, na hizo zijaribu nyumbani kwa utulivu, kwa sababu zile za chipu ya kuiga hukubali leo na kukataa kesho.

Vinasa data vingine hutoa Wi-Fi yao. Ni raha ukiwa peke yako. Siku ya mashindano hewa ya piti imejaa simu, kamera, redio na mitandao ya kila timu, na kasi inashuka hadi ya kukatisha tamaa. Zaidi ya hapo, mtandao wa kinasa data hauna intaneti, na Windows ikiona mtandao mwingine inaoufahamu wenye intaneti inaweza kuhamia huko katikati ya kushusha. Ninaondoa alama ya kujiunga yenyewe kwenye kila mtandao mwingine kabla ya siku kuanza. Ila kukiwa na njia ya waya, natumia waya.

Na ukitumia waya, kuna ukuta wa kinga wa Windows. Mtandao mpya ukihesabiwa kuwa wa umma, kinasa data kinaweza kisionekane hata kama waya uko sawa na taa zinawaka. Ruhusu programu yako kwenye mitandao yote miwili, ya umma na ya binafsi, na weka anwani ya mtandao isiyobadilika kama kinasa chako kinaihitaji. Hili halihusu kuchagua laptopu moja kwa moja, lakini linahusu jambo moja la kuchagua: uwe na haki zote za msimamizi. Laptopu uliyopewa na mwajiri, iliyofungwa na idara ya kompyuta, haikuruhusu kuweka draiva wala kugusa ukuta wa kinga, na Jumapili mchana hakuna wa kumpigia.

Umeme nilijifunza kuuheshimu. Jenereta ya piti huzimwa, mtu hukanyaga waya, chombo cha kupasha matairi joto hula umeme wote. Betri ya laptopu ndiyo kinga yako. Ninatafuta betri kubwa, na hapa kuna mpaka: kanuni za safari za ndege huruhusu betri hadi saa-wati 100 ndani ya kabini bila kuomba idhini, ndiyo maana laptopu nyingi kubwa hukomea saa-wati 99. Kinachonisaidia zaidi ya ukubwa wa betri ni kuchaji kwa USB-C. Chaja moja ya wati 65 au 100 inachaji laptopu, simu na kamera, na betri ya ziada ya kubeba mfukoni inaweza kuongeza saa kadhaa bila kutafuta tundu la umeme. Laptopu yenye chaja ya umbo la peke yake, ikipotea chaja siku ya kwanza ya mashindano ya siku tatu, wikiendi imeharibika.

Neno moja la tahadhari hapo: nachomoa chaja kabla ya kuunganisha laptopu na gari. Umeme wa jenereta isiyo na waya wa ardhi mzuri, ukipitia chaja hafifu, unaweza kupenya kwenye waya wa USB hadi kwenye kompyuta ya injini, na hata usipoharibu kitu unaweza kukatisha mawasiliano. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka betri yenye afya. Laptopu ya mtumba ni chaguo zuri sana kwa kazi hii, hasa zile za kibiashara kama ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude au EliteBook, lakini kagua kwanza uchakavu wa betri; Windows yenyewe inakupa ripoti kwa amri ya powercfg /batteryreport, inayoonyesha uwezo wa awali na uliobaki.

Kuhusu laptopu ngumu, zile za Toughbook, Getac na Latitude Rugged, maoni yangu ni haya. Ukifanya kazi za rali, ambako unahudumia gari kwenye vumbi na mvua bila paa, ichukue. Kiwango cha IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kumwagika kwa nguvu ya bomba dogo hayaingii. Huo ni ulinzi wa kweli. Maneno MIL-STD-810H, kiwango cha kijeshi cha Marekani, yakiwa peke yake yasikudanganye, kwa sababu kiwango hicho ni mkusanyiko wa majaribio mengi na mtengenezaji huchagua yapi ayafanye. Soma ni yapi. Ukifanya kazi kwenye njia za lami zenye karakana, laptopu ya kibiashara inatosha, na uzito utakaouokoa utaushukuru jioni. Vumbi la karakana lakini lisidharauliwe. Unga wa breki za kaboni hupitisha umeme, na feni ya laptopu huuvuta ndani. Siiweki laptopu sakafuni karibu na magurudumu, na naifungua kuipuliza mara kwa mara.

Joto nalo. Laptopu nyingi za kawaida hutengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35 za hewa inayozizunguka. Juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani joto hupita hapo mapema sana. Laptopu yenye joto hupunguza kasi, hupunguza mwangaza, na hatimaye hujizima. Kivuli kinafanya kazi kuliko feni yoyote ya kuwekea chini.

Kibodi watu huipuuza, ilhali uchambuzi mwingi hufanywa kwa vitufe vya mishale: kusogeza kielekezi kipimo kwa kipimo kutafuta pale dereva alipoachia breki. Gari linalokwenda kilomita 200 kwa saa husogea takriban nusu mita kati ya kipimo na kipimo kwa unasaji wa mara 100, na tofauti ya mita tano kwenye sehemu ya kuanza kufunga breki ndiyo tunayoizungumzia na dereva. Mishale midogo iliyobanwa nusu urefu inanichelewesha, hasa nikiwa na glavu. Kioo cha kugusa nakizima siku za mvua, kwa kuwa tone moja la maji linaweza kusogeza kielekezi au kufunga ukurasa.

Mipangilio michache ninayoifanya kabla ya kuingia njiani: masasisho ya Windows yanasitishwa kwa wiki nzima, kufunga kifuniko hakuzimi mashine, ili nikitembea kutoka garini hadi mezani kushusha kusikatike, na saa ya laptopu inarekebishwa, kwa sababu faili likiwa na saa isiyo sahihi, jioni huwezi kulilinganisha na karatasi ya presha za matairi wala na video. Data zinakaa sehemu mbili, kwenye laptopu na kwenye diski ndogo ya nje, ndipo kinasa data kinafutwa.

La mwisho ni laptopu ya akiba. Kwa timu yenye gari moja, ningechukua laptopu mbili za mtumba zinazofanana kuliko moja mpya ya kifahari: chaja moja inatosha zote, adapta zilezile, draiva zilezile, na nakala ya mipangilio ya kurasa inahama kwa diski ndogo. Swali linalobaki ni leseni. Programu nyingine ni za bure, nyingine zinafungwa na mashine moja, nyingine zinategemea kidude cha USB ambacho lazima kiwe kimechomekwa. Muulize muuzaji wa programu mapema, kwa maandishi, leseni inahamishwaje mashine ikifa siku ya mapumziko na piti haina intaneti. Kama jibu lake ni kwamba usubiri Jumatatu, nunua leseni ya pili kabla hujanunua laptopu ya pili.